Mcheza kwao hutunzwa, lakini akivua viatu nani amtunze?

Agosti 2025, Harambee Stars walipowafunga Kongo, Morocco na Zambia katika mashindano ya CHAN, nchi nzima ilikesha. Rais alikuwa ameahidi kila mchezaji shilingi milioni 1 kwa kila mechi watakayoshinda, na katika maskani zetu hapa Mombasa watu walipiga hesabu ya pesa za wenzao kama wanagawana mirathi. Timu ilitolewa robo fainali na Madagascar kwa mikwaju ya penalti, pesa zikapokelewa, na mazungumzo yakahamia AFCON 2027, ambayo Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa kwa pamoja.

Ndugu zangu, mimi sina ugomvi na milioni hizo. Mcheza kwao hutunzwa, na vijana wale walitunzwa. Ninachouliza ni cha baadaye. Mchezaji wa ligi yetu akifika miaka 32 au 33, goti limechoka na kocha anamtazama kijana wa miaka 19, huyu mtu ana miaka karibu 30 ya kufanya kazi mbele yake. Ataifanya kazi gani? Na je, uchumi wa eneo lake una haja naye, au yeye ni picha ya ukutani tu?

Ili kulijibu swali hili nawaomba tuondoke kidogo Pwani, tupande barabara ya Mombasa hadi Athi River.

Wengi wetu tunaijua Athi River kwa kuipita. Ukiwa kwenye basi la usiku, ukiona vumbi la saruji na taa za viwanda, unajua Nairobi imekaribia. Lakini mji huu wa kaunti ya Machakos umefungamana nasi kuliko tunavyodhani. Mto wenyewe, Athi, ukishuka huku unaitwa Galana, kisha Sabaki, na unamwaga maji baharini kati ya Malindi na Mambrui. Maji ya Baricho yanayokunywewa Malindi, Kilifi na hata Mombasa yanatoka kwenye mto huohuo. Bidhaa zinazotengenezwa kule kwa ajili ya ng'ambo hushuka kwa lori au kwa reli ya SGR hadi bandari yetu. Wanachokifanya Athi River, kizuri na kibaya, hutufikia.

Mji wenyewe ulijengwa na viwanda. Tume ya Nyama, KMC, iliundwa 1950, na tangu 2020 iko chini ya Wizara ya Ulinzi. Kiwanda cha saruji cha Portland kiko pale tangu miaka ya 1950. Halafu ikaja sheria ya EPZ ya mwaka 1990, na makao makuu ya mamlaka ya EPZ yakawekwa hapo hapo. Mwekezaji anayezalisha bidhaa za kuuza nje huachiwa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10, kisha hulipa asilimia 25 kwa miaka 10 inayofuata. Mpango wa Marekani wa AGOA ulipoanza mwaka 2000, viwanda vya nguo vikaongezeka na maelfu ya vijana, wengi wao kina dada, wakakaa kwenye cherehani.

Nisiwachoree pepo. Kazi ya EPZ ni ngumu na mshahara wake si wa kutajirika. Muda wa AGOA ulipokwisha Septemba 2025, wenye kazi hizo walishika tama. Kampuni ya saruji ya ARM, iliyobeba jina la mji huo, iliwekwa chini ya wasimamizi mwaka 2018 baada ya kulemewa na madeni. Hata hivyo, Athi River ni mahali ambapo mtu anaweza kuona kwa macho yake maana ya maneno haya tunayoyasikia kwenye makongamano, "maendeleo ya kiuchumi ya eneo". Maana yake ni barabara, maji, stima, sheria ya kodi, mwekezaji, na mtu anayejua kuwapanga watu wengine wafanye kazi pamoja.

Huyu wa mwisho ndiye ninayemtafuta leo.

Mfano bora ninaoujua Afrika Mashariki uko Tanzania. Leodegar Tenga alikuwa nahodha wa Taifa Stars iliyokwenda Lagos kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1980. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Tanzania kufika huko, na ikabidi wasubiri hadi 2019 kurudi. Mashabiki wa umri wangu tunamjua Tenga zaidi kama rais wa TFF, kuanzia 2004 hadi 2013, na kama rais wa CECAFA. Lakini kuna sura ya tatu ya maisha yake ambayo vijana hawaizungumzi: alikuwa Mkurugenzi Mtendaji wa Shirikisho la Wenye Viwanda Tanzania, CTI. Yule beki wa kati akawa mtu wa kukaa mezani na serikali kuzungumzia kodi, umeme, bidhaa bandia na mazingira ya viwanda.

Alifikaje huko? Si kwa sababu watu walimpigia makofi. Tenga ni mhandisi. Alipokuwa anacheza, alikuwa pia amesoma. Unahodha ulimpa jina na ukampa uzoefu wa kuongoza watu, lakini mlango wa viwanda ulifunguliwa na elimu. Mpira ulimfanya asikilizwe, uhandisi ukamfanya awe na la kusema. Vitu hivi viwili vikikutana kwa mtu mmoja, nchi imepata faida mara mbili.

Hapa Kenya tuna mfano wa njia nyingine, njia ya kura. Wesley Korir alishinda marathoni ya Boston mwaka 2012. Machi 2013 akachaguliwa mbunge wa Cherangany, Trans Nzoia, akiwa mgombea huru, jambo gumu sana katika siasa zetu za mawimbi ya vyama. Mwezi mmoja baadaye alirudi Boston akamaliza wa tano, akiwa mheshimiwa tayari. Naye pia hakuwa mkimbiaji mtupu, alikuwa na shahada ya biolojia kutoka chuo kikuu cha Louisville. Mwaka 2017 alishindwa kiti hicho. Ndiyo hatari ya njia ya kura. Unaweza kuwa na mipango ya miaka 15 kuhusu mashamba na hospitali, lakini mwajiri wako anakupa mitano, na katika mitano hiyo kila asubuhi kuna watu mlangoni wanaotaka karo na gharama za mazishi.

Kwa upana zaidi tumemwona George Weah, mchezaji bora wa dunia wa 1995, akiiongoza Liberia kuanzia Januari 2018 hadi Januari 2024. Wananchi waliompenda uwanjani walimhukumu kwa bei ya mchele na ajira, wakachagua mwingine. Umaarufu ulimfikisha ikulu, haukumsaidia kuendesha uchumi.

Sasa turudi nyumbani. Pwani tuna utaratibu wetu wa zamani ambao wenzetu wa bara hutuonea wivu, nao ni bandari. Bandari FC ni timu ya Mamlaka ya Bandari, na kwa miaka mingi ndoto ya mchezaji wa Majengo, Kisauni au Likoni imekuwa hiyo: cheza vizuri, upate ajira bandarini. Timu imetupa raha, ikiwemo Ngao ya FKF mwaka 2015 na 2019. Kuna wazee wetu waliosomesha watoto na kujenga nyumba kwa mishahara iliyoanza na mguu wa kushoto. Hapo ndipo mpira ulipokutana na uchumi wa eneo bila kongamano lolote.

Lakini mtegemea nundu haachi kunona, na nundu ikiisha? Watazameni wenzetu wa ukanda wa miwa. SoNy Sugar ilichukua ubingwa wa ligi mwaka 2006. Kiwanda kilipoyumba, timu nayo iliyumba, na mwaka 2019 ikafukuzwa kwenye ligi kwa kushindwa kufika mechi. Wachezaji ambao kazi yao pekee ilikuwa kucheza waliamka bila timu na bila kazi. Timu ya kampuni ni baraka kampuni ikiwa hai. Ujuzi wa mtu mwenyewe humfuata popote.

Hili nililiona kwa macho mwezi uliopita, nilipokaa siku tatu Athi River kwa shughuli zangu. Nilikutana na kijana wa huku kwetu, beki aliyecheza ligi kuu kwa misimu kadhaa. Jina lake nalihifadhi, na la klabu yake ya mwisho pia. Alipoachwa alikuwa anadai mishahara ya miezi minne, na alipokwenda kuuliza akiba yake ya NSSF akakuta hakuna kilichowekwa. Alikaa Mombasa karibu miaka miwili akiwa "mchezaji wa zamani", cheo ambacho hakiliwi. Kisha akapanda basi, akaanza kwa kubeba marobota ya kitambaa katika kiwanda cha nguo. Leo ni msimamizi wa laini yenye watu karibu 40.

Nilimuuliza alipandaje. Maelezo yake yalikuwa rahisi. Alizoea kuwahi, alizoea kukosolewa mbele ya watu bila kununa, na alizoea kumjua nani kachoka kabla hajasema. Hayo aliyapata uwanjani. Alichokosa ni hesabu za uzalishaji na kompyuta, na hayo anayasoma jioni kwa pesa yake. Kinachonikera ni hiki: miaka yote aliyokuwa anafanya mazoezi asubuhi na kulala mchana, hakuna aliyemwambia kwamba chuo cha ufundi kina masomo ya jioni.

Najua kuna atakayesema, kwa nini tuwahangaikie wachezaji wakati vijana wenye shahada wamejaa barazani? Swali ni la haki. Mimi siombi wachezaji wapewe nafasi za bure. Tumeshachoka kuona bodi za mashirika ya umma zikitumika kuwapoza wanasiasa walioanguka kwenye kura, na sitaki kuongeza wanamichezo kwenye orodha hiyo ya zawadi. Mchezaji mashuhuri asiyejua kusoma taarifa ya hesabu ataketi kwenye bodi kama chungu cha maua. Ninachosema ni kwamba nidhamu ile tumeigharamia kama jamii, kwa ada za kiingilio na kodi zetu, halafu tunaitupa mtu akiwa na miaka 33. Huo ni upotevu, kama kuvua samaki na kumrudisha ufukweni aoze.

Na Pwani tuna mahali pa kuwatumia. Viwanda vya EPZ viko Mombasa na Kilifi, Athi River haina hatimiliki ya jambo hilo. Dongo Kundu inajengwa kuwa ukanda maalum wa kiuchumi. Tuna Mamlaka ya Maendeleo ya Pwani, iliyoundwa kwa sheria ya 1990, na tuna Jumuiya ya Kaunti za Pwani inayounganisha kaunti zetu sita. Tuna bandari yenyewe. Sehemu zote hizi zitahitaji wasimamizi wa zamu, wapangaji wa mizigo, watu wa kuzungumza na jamii pale ardhi inapochukuliwa na wazee wanapokasirika. Mtu ambaye mtaa mzima ulimshangilia anaweza kuingia baraza la wazee Likoni na akasikilizwa kabla ya afisa mwenye tai. Lakini akisikilizwa, lazima awe na la kusema. Hapo ndipo somo la Tenga linaporudi.

Kwa hivyo napendekeza mambo machache, na hayahitaji mabilioni. Kwanza, mkataba wa kila mchezaji wa klabu inayopata pesa za umma, kuanzia Bandari, uwe na kifungu cha mafunzo: cheti cha ufundi, stashahada, au kozi ya usafirishaji wa mizigo, klabu ilipe ada na ratiba ya mazoezi iheshimu darasa. Pili, klabu isiyopeleka akiba ya NSSF ya wachezaji isiruhusiwe kusajili msimu unaofuata. Tatu, Jumuiya ya Kaunti za Pwani ikae na mamlaka za EPZ na bandari, iweke nafasi za mafunzo kazini ambazo wanamichezo wanaostaafu watashindania, kwa mitihani, pamoja na vijana wengine. Atakayeshindwa ashindwe kwa haki.

Na wachezaji wenyewe, nawaambia kama kaka yenu: akiba haiozi, na elimu ni akiba isiyoibwa. Bonasi ya CHAN inaweza kununua gari, na inaweza kulipa ada ya stashahada na kubakisha ya kuanzia biashara. Mimi mwenyewe nina stashahada tu, sina shahada, na hiyo stashahada imenilisha kwa miaka zaidi ya 15.

AFCON 2027 inakuja, inshaallah. Serikali za kaunti zitatumia pesa kwa viwanja, taa na mabango. Kabla ya utepe wa kwanza kukatwa, magavana wetu sita watuambie, kila mmoja kwa kaunti yake, ni wachezaji wangapi waliostaafu wanaojulikana waliko na wanachofanya. Wasipoweza kutujibu hilo, basi waanze kwa kuwaandika majina.