UCHAMBUZI: Dereva mwenye glakoma apimwe kwa haki

KWA madereva wanaosafirisha majani chai hadi viwandani katika kaunti za Kericho na Bomet, leseni ndiyo jembe. Jinsi macho yao yanavyopimwa basi si jambo dogo.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humtaka anayeomba leseni kutangaze maradhi yanayoweza kuhatarisha wengine. Lakini glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, mara nyingi haiumi. Huharibu mshipa wa fahamu wa jicho polepole, ikianza na uwezo wa kuona kando. Mgonjwa aweza kusoma ubao wa herufi hadi mstari wa chini, ilhali hamwoni mchuma chai anayejitokeza ukingoni mwa barabara. Atatangazaje asilolijua?

Kipimo kifaacho ni cha upana wa uoni: mtu hutazama mbele na kubonyeza kitufe kila aonapo nuru pembeni. Nchini Uingereza, dereva wa gari dogo hutakiwa awe na angalau nyuzi 120, na idara ya leseni hugharamia kipimo, japo kwa kampuni moja yenye mkataba nayo.

Hapo pana kasoro. Uchovu huvuruga matokeo, na aliyekesha kwenye usukani aweza kushindwa bure. Haki ni dereva achague hospitali, iwe Tenwek kule Bomet yenye kitengo cha macho au kwingineko, na aruhusiwe kurudia kabla ya kunyang'anywa leseni. Na gharama? Akiachiwa dereva, atamkwepa daktari na kuendelea kuendesha.