Ringi Moja, Maana Mbili: Kiswahili cha Fundi wa Vespa

Mwaka jana niliagiza ringi kutoka Dar es Salaam. Fundi wangu hapa Mbinga alikuwa ameifungua injini ya vespa niliyoinunua ikiwa imechakaa, akanionyesha pistoni yenye mikwaruzo, kisha akasema kwa ufupi wa kazi yake: "Mwalimu, agiza ringi." Nikampigia simu muuza spea, nikatuma fedha, nikangoja. Siku ya nne mzigo ukashushwa stendi. Ndani ya boksi mlikuwa na ringi kweli: duara la chuma la kuvalisha tairi. Sisi tulikuwa tunazitaka zile pete nyembamba zinazoizunguka pistoni ili mgandamizo usivuje.

Hakuna aliyedanganya, wala hakuna aliyekosea lugha. Fundi alisema ringi, nami nikasema ringi, na muuzaji alisikia ringi. Sote watatu tulikuwa sahihi, na vespa ikakaa juu ya matofali wiki tatu.

Wiki hizo tatu nilizitumia kuketi gereji juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikisikiliza. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwa miaka mingi niliamini kwamba lugha ya gereji ni Kiswahili kilichoharibika. Niliondoka pale na imani nyingine, ambayo ndiyo hoja ya makala haya: Kiswahili cha gereji hakijaharibika, ila hakijaandikwa. Hayo ni maradhi mawili tofauti, na dawa ya moja haiponyi jingine.

Kwanza tuitazame pikipiki yenyewe. Vespa ya kwanza ilitoka mwaka 1946 katika kiwanda cha Piaggio, mjini Pontedera, Italia. Aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, ndiyo maana bodi yake ni ganda la bati linalojibeba lenyewe, haina mnyororo, na gia hubadilishwa kwa mkono wa kushoto. Inasimuliwa kwamba mwenye kiwanda, Enrico Piaggio, alipoiona nyuma yake pana na kiuno chake chembamba, akasema inafanana na nyigu. Na kwa Kiitaliano nyigu ni vespa. Mwaka 1948 kiwanda hichohicho kikatoa chombo cha magurudumu matatu kilichoitwa Ape, yaani nyuki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Bajaj ya India ikavitengeneza vyombo vya namna hiyo kwa leseni ya Piaggio, na jina la kampuni hiyo ndilo tulilolichukua sisi tukalitia irabu mwishoni: bajaji. Kwa hiyo nyigu na bajaji zinazopishana pale stendi ni ndugu wa damu, ijapokuwa majina yao hayaonyeshi udugu huo.

Vespa yangu ni ya cc 150, ya magurudumu ya inchi 8. Niliinunua kwa mwalimu mstaafu ambaye aliitumia zamani kupandia na kushukia njia za Litembo. Spea zake ni adimu. Hapo ndipo fundi alipoanza kunifundisha bila kujua kwamba ananifundisha.

Tatizo la kwanza lilikuwa gia ya pili, iliyokuwa ikiruka kila tulipopanda kilima. Fundi akaingiza mkono ndani ya sanduku la gia, akatoa kipande cha chuma chenye mikono minne ambacho makali yake yalikuwa yamelika. "Msalaba umekwisha," akasema. Baadaye nilijifunza kwamba Waitaliano nao hukiita kipande hicho kwa jina linalotokana na neno lao la msalaba. Fundi wangu hajapata kusikia neno hata moja la Kiitaliano. Alikitazama chuma, akaliona umbo lake, akakipa jina ambalo kila mwanafunzi wake analielewa siku ya kwanza. Je, kuna kamati ya istilahi ambayo ingefanya vizuri zaidi ya hapo?

Msalaba hauchongwi kienyeji, kwa sababu chuma chake kina ugumu wake, na ukiwa laini hautamaliza mwezi. Huo tuliungoja kutoka Italia. Tairi halikutusumbua sana, kwani tairi la bajaji lina kipenyo kilekile cha ndani cha inchi 8. La bajaji huandikwa 4.00-8 na la vespa yangu 3.50-8, yaani la bajaji ni pana zaidi kwa nusu inchi. Fundi akalizungusha polepole kwa mkono, akihakikisha haligusi mahali, ndipo akalikubali. Na bushi ya shaba ya mguu wa mbele haikupatikana Italia wala India, tukaipeleka Songea, ikachongwa kwa mashine.

Nilimuuliza anaamuaje ipi iagizwe, ipi iazimwe kwa bajaji na ipi ichongwe. Akanijibu: "Spea huulizi ilikotoka, Mwalimu. Unauliza inakaa, na unauliza inabeba."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko vitabu vingi nilivyosoma kuhusu ukuzaji wa istilahi. Maneno nayo tunayapata kwa njia hizo tatu. Mengine tunayaagiza mbali: klachi, plagi, kabureta. Mengine tunayaazima kwa ndugu: ikulu lilitujia kutoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma, na hapa kwetu mabwana shamba na watafiti wanaoandika juu ya kilimo cha mashimo ya mteremkoni hawakutafuta neno jingine, waliandika ngolo kama wanavyosema Wamatengo wenyewe. Mengine tunayachonga nyumbani: msalaba, na kifua, na mashavu, ndivyo fundi anavyoyaita mabati ya mbele na ya ubavuni. Hata neno pikipiki lenyewe lilichongwa na sikio la msikilizaji kutokana na mlio wa injini. Hakuna njia moja kati ya hizo tatu iliyo ya aibu. Aibu ni neno lisilokaa na lisilobeba.

Nakiri nilikuwa miongoni mwa wenye kalamu nyekundu. Mwanafunzi akiandika spea, nilifuta nikaandika vipuri. Sifuti tena. Vipuri ni neno zuri la gazeti na la hotuba, na spea ni neno zuri la gereji. Yote mawili yanakaa na yanabeba. Vivyo hivyo fundi husema "kuchonga" pale ambapo wazee wetu wa kazi ya mbao walisema "kukereza," na mashine yenyewe waliiita kerezo. Ningefurahi neno hilo la zamani lirudi, kwa kuwa linataja kazi moja mahsusi ambayo kuchonga huichanganya na nyingine nyingi. Lakini nikilirudisha, nitalirudisha kwa sababu ya kazi linayoifanya. Ukongwe wake pekee hautoshi.

Kwa kipimo hichohicho, ringi limeshindwa. Si kwa sababu ni la Kiingereza, bali kwa sababu limebebeshwa vyuma viwili. Ringi ile ya gurudumu ilipotolewa kwenye boksi, nilimwambia fundi: "Hizi za pistoni kwa nini tusiziite pete?" Akacheka, akasema pete ni za harusi. Nikamwonyesha risiti ya basi. Akanyamaza kidogo, kisha akamwambia kijana wake: "Sikia, kuanzia leo za pistoni ni pete." Ndivyo ilivyo gerejini pale hadi leo. Neno halikupita kwa ufasaha wangu. Lilipita kwa hasara ya nauli.

Msomaji anaweza kuniuliza: kwa nini tuhangaike na majina ya vyuma vya pikipiki ambayo wengi wameshaisahau? Nitajibu kwa mteremko wa kwenda ziwani. Vilima vya Umatengo hupita mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Nyasa pale Mbamba Bay haufiki mita 500. Huku juu hewa ni nyepesi, hivyo fundi ameiwekea kabureta yangu jeti ndogo, ili petroli isizidi hewa. Ukishuka nayo ziwani jinsi ilivyo, hewa inakuwa nzito na petroli inapungua mahitaji. Na kwa kuwa injini ya vespa hulainishwa na oili iliyochanganywa ndani ya petroli, petroli ikipungua na oili imepungua. Injini inachemka, pistoni inakwama silindani, na mwenye chombo anasukuma. Fundi anayajua hayo yote. Huyaeleza kwa Kiswahili kilichonyooka, bila kutafuta neno, na kijana wake huyaelewa.

Hayajaandikwa popote kwa lugha hiyo. Fundi mwenyewe macho yameanza ukungu; siku hizi hupima upenyo wa plagi kwa ncha ya kidole, na kijana ndiye anayesoma namba. Mwaka juzi kijana huyo alikwenda kufanya mtihani wa ufundi katika chuo kimoja. Anaweza kuifungua injini ya vespa na kuifunga bila kubakiza nati hata moja mkononi. Maswali yalikuwa ya Kiingereza. Akarudi na alama za mtu asiyejua kitu. Nilimwuliza swali mojawapo alilolikumbuka. Nilipolieleza kwa maneno ya gereji alilijibu hadi nikakosa la kuongeza. Aliposhindwa, hakushindwa ufundi. Alishindwa kwa kuwa ujuzi wake hauna kitabu cha kuushuhudia.

Wapo watakaosema dawa ni kijana ajifunze Kiingereza. Na ajifunze, ni mali. Lakini hata akijifunza, maarifa ya yule mzee bado yatazikwa naye, maana hayapo katika Kiingereza pia. Hakuna kitabu cha Pontedera kilichoandika jinsi ya kuitayarisha vespa kwa mteremko wa Mbamba Bay. Wengine watasema tungoje kamusi. BAKITA ipo tangu mwaka 1967, na Kamusi Kuu yake ilitoka mwaka 2015. Ni kazi za kujivunia. Lakini kamusi huokota neno lililokwisha kuandikwa mahali. Tusipoliandika sisi tunaolisikia, mtunga kamusi ataliokota wapi?

Nanyi washairi wenzangu, ambao ndio wengi mnaosoma ukurasa huu, suala hili si la mafundi peke yao. Sisi nasi tuna spea zetu adimu: mato badala ya macho, mtima badala ya moyo, nti badala ya nchi. Malenga mzuri huzitumia kina kinapozihitaji au mizani inapozidai, naye anajua zilikotoka. Mwanagenzi huzijaza kila ubeti, kama kijana anayefunga taa kumi na vioo vinane kwenye pikipiki isiyo na breki. Nimesoma mashairi ya namna hiyo, na nimeyaandika pia. Kanuni ya fundi ingetuokoa: linakaa? linabeba?

Ninachopendekeza ni kidogo, na kinawezekana bila bajeti. Kila mmoja wetu mwenye kalamu achague fundi mmoja, awe wa pikipiki, wa mitumbwi au wa mashine za kukoboa kahawa, aketi naye, achore chombo, aandike jina la kila kipande kama fundi anavyolitamka, na kando yake aandike kazi ya kipande hicho. Asisahihishe. Pale tu neno moja litakapokuwa limebeba vyuma viwili, kama lilivyofanya ringi, ndipo aulize kwa adabu kama kuna jina jingine. Mimi nimeanza na vespa; daftari langu lina maneno mia moja na kidogo, na oili imeshalichafua jalada.

Vespa sasa inapanda Litembo kwa gia ya pili bila kuruka. Nilipomshukuru fundi, aliniambia nisimshukuru yeye, niushukuru msalaba. Nami namshukuru yeye kwa ubeti huu:

Kila chombo kina jina, fundi analitambua,
Neno likikosa shina, maji yatalichukua,
Andikeni kwa bayana, wajukuu watajua,
Fundi, malenga, shikana, kamusi ipate kua.