Kibao cha Wacheki wa Dubina

Haya wadau, bumu bado halijatoka, kwa hiyo leo nawapeleka Texas bure.

Kule kaunti ya Fayette kuna kijiji kinaitwa Dubina, kina kibao cha kumbukumbu kando ya barabara. Familia za Wacheki kutoka Moravia zilifika hapo mwaka 1856, na inasimuliwa kuwa usiku wa kwanza walijibanza chini ya mwaloni, mvua ya barafu inawapiga. Kimbunga cha 1909 kiliangusha kanisa lao, wakajenga jingine. Moto wa 1912 ukala maduka. Siku hizi ni kanisa na nyumba chache tu.

Sasa mimi nasomea ualimu bwana, kwenye vibao kama hivi natafuta shule. Augustin Haidusek alifika Dubina akiwa mtoto, na miaka ya 1880 akawa jaji wa kaunti. Akashikilia kwamba shule za Wacheki lazima zifundishe Kiingereza. Weee! Wacheki wenzake walimshukia kweli kweli. Na huyo huyo ndiye aliyehariri Svoboda, gazeti la Kicheki, kwa miaka mingi!

Namwelewa, alitaka watoto wawe na lugha zote mbili. Ila nadhani alikosea hesabu. Kiingereza kilikuwa na mahakama, ajira na serikali nyuma yake. Kicheki kilikuwa na mama na padri. Ukisema "zote mbili" halafu usikilinde kile kinyonge kwenye ratiba, umeshachagua.

Mimi ningesimika kibao cha pili hapo: watoto walifundishwa kwa lugha gani, na iliachwa lini.