Ushindi wa mbinde nao ni ushindi

Kuna watu mpaka leo hawajaukubali usiku wa tarehe 16 Machi 2019, Simba ilipoifunga AS Vita ya Kinshasa mabao 2-1 kwenye Uwanja wa Taifa, ambao sasa ni wa Benjamin Mkapa, na kuingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Ukitaja mechi ile kijiweni, watani wana majibu tayari. Nimeyasikia miaka yote hii, na leo nayajibu, ingawa najua Yanga hawatayasoma mpaka mwisho.

Wanaanza na bahati. Bao la Clatous Chama la dakika ya 90, wanasema, lilikuwa la kuokota. Sasa rudini nyuma miezi mitatu tu. Desemba 2018 Simba ilitoka Kitwe imefungwa 2-1 na Nkana, mchezo wa marudiano ukawa 2-1 mpaka jioni kabisa, na aliyepiga kisigino cha bao la tatu lililotupeleka makundi alikuwa Chama huyo huyo. Mtu akiokota mara mbili pale pale, kwa saa ile ile, hiyo si bahati tena. Anajua mahali pa kusimama.

Halafu tazameni msimamo wa kundi ulivyokuwa kabla ya mechi ile na Vita. JS Saoura ya Algeria pointi 8, Al Ahly 7, Vita 7, Simba 6. Tulikuwa wa mwisho! Sare haikutufaa kwa lolote, ingetuacha na pointi 7. Ila wengi wanasahau kwamba sare isingewafaa hata Vita wenyewe. Al Ahly waliifunga JS Saoura 3-0 huko Misri, kwa hiyo kwa 1-1 Vita wangefikisha 8 sawa na Waalgeria, na katika matokeo ya wao kwa wao Waalgeria walikuwa juu. Kwa hiyo zile dakika za mwisho zilikuwa na timu mbili ambazo zote zilihitaji bao. Mechi ya namna hiyo haiwezi kuwa ya pasi kumi na tano na kupiga makofi. Lazima iraruke mahali, na iliporaruka tulikuwepo sisi.

"Lakini timu iliyopigwa tano bila mara mbili inafuzuje?" Hili ndilo wanalolipenda zaidi, na kweli lina uchungu wake: tano Kinshasa kwa Vita hao hao, tano nyingine Misri kwa Al Ahly, halafu mbili kwa JS Saoura. Mabao 13 tumefungwa, 6 tumefunga, na yote 6 nyumbani. Lakini mnaotucheka kwa ugenini, nitajieni timu ya kundi lile iliyoshinda ugenini. Hakuna. Mechi 12, na mgeni hakuondoka na pointi tatu hata mara moja. Al Ahly wenyewe, wafalme wa bara hili, walifungwa Dar kwa bao la Meddie Kagere, wakafungwa Kinshasa, wakatoka sare Algeria. Tofauti ni kwamba wao kwao walishinda zote tatu, na sisi kwetu tukashinda zote tatu, ndiyo maana wakawa wa kwanza kwa pointi 10 na sisi wa pili kwa 9. JS Saoura na Vita kila mmoja alitoa sare moja kwake. Huko ndiko walikoachwa. Na sheria ya makundi inahesabu pointi kwanza. Mabao matano uliyofungwa yanakuuma, lakini yanakunyima pointi tatu tu, kama bao moja.

Wengine wanasema walioshinda ni mashabiki. Sawa. Mashabiki wa Simba ni wa nani?

Wapo pia wataalamu wa soka la kuvutia. Kwao mpira wetu usiku ule ulikuwa butua butua. Sitabishana sana, mechi haikuwa tamu, na Vita walitangulia kufunga mapema kabisa. Ila muulizeni huyo mtaalamu nani alisawazisha. Mohamed Hussein, "Tshabalala", beki wa kushoto, tena kabla ya mapumziko. Kocha wetu Patrick Aussems alikuwa anahitaji mabao mawili dhidi ya timu iliyokwisha kumfunga tano, akawaruhusu mabeki wapande. Hatari? Kubwa mno. Angewaacha nyuma, watani wangesema kocha muoga.

Kisha linakuja la faida: robo fainali yenyewe mlitolewa na TP Mazembe. Ndiyo, 0-0 Dar, John Bocco akakosa penalti (hilo bado linaniuma kuliko zile tano), tukaenda Lubumbashi tukafungwa 4-1. Lakini mafanikio ya msimu ule ndiyo yaliyoisaidia Tanzania kupewa nafasi nne za Afrika msimu wa 2019/20. Simba ikaenda Ligi ya Mabingwa na mwenzake, Azam na KMC wakaenda Kombe la Shirikisho. Huyo mwenzake aliitwa Yanga, na alikuwa amemaliza ligi nafasi ya pili.

La mwisho, eti Vita ile ilikuwa dhaifu. Vita ya Florent Ibenge, iliyocheza fainali ya Kombe la Shirikisho 2018 na Raja Casablanca, na iliyotoka kuifunga Al Ahly mechi moja tu kabla ya kuja kwetu. Ilikuwa dhaifu hivi kwamba mwaka 2020 Yanga walikwenda huko huko kuwachukua Tuisila Kisinda na Mukoko Tonombe, na mwaka uliofuata wakarudi kwa Djuma Shabani na Fiston Mayele.