TAMKO LA TAWI: NG'OMBE WA MSAADA WASILALE KWENYE TOPE



Wiki mbili zilizopita kamati ya tawi ilikwenda kumpa pole mama mmoja, mwanachama mwenzetu upande wa Butiama. Ni mjane. Alipewa mtamba kwenye mradi wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, mwenye mimba kubwa. Usiku wa mvua ng'ombe akateleza bandani na kuanguka vibaya. Ndama akatoka amekufa, na siku ya tatu mama yake naye akachinjwa kwa sababu hakuweza kusimama tena. Tulipoingia ndani tulikuta sakafu ya udongo imechimbika mashimo, tope linafika kwenye vifundo, na paa la nyasi linavuja kila upande.

Jirani yake tulimkuta amekaa pale pale. Yeye ndiye aliyekuwa zamu ya kupokea ndama jike wa kwanza. Alikwishasimamisha nguzo za banda lake na kupanda mabingobingo. Kwa hiyo pigo lile limeziangukia kaya mbili.

Utaratibu huu wengi mnaujua. Ulianzia Marekani kwa Dan West, aliyepeleka mitamba 17 kwa kaya maskini za Puerto Rico mwaka 1944 kwa sharti kwamba ndama jike wa kwanza apewe mwingine. Kwetu umeletwa na mashirika ya hisani na makanisa. Mfadhili analeta ng'ombe, mpokeaji anatakiwa kuwa na banda. Hapo ndipo penye tatizo. Tunachagua kaya maskini kuliko zote, halafu tunaiachia kaya hiyo hiyo sehemu inayohitaji sementi na mabati.

Na sisi viongozi wa tawi tuseme na letu. Siku ya makabidhiano tulikuwepo, tukapiga makofi, tukapiga na picha. Hakuna hata mmoja wetu aliyeingia bandani kuangalia chini.

Msimamo wetu ni huu: halmashauri zetu tano, yaani Manispaa ya Musoma, Wilaya ya Musoma, Mji wa Bunda, Wilaya ya Bunda na Butiama, zitenge fedha ya kuboresha mabanda ya ng'ombe wa msaada. Tunasema vifaa, si fedha taslimu. Halmashauri itoe sementi, mabati na gata. Mpokeaji atoe mawe, mchanga na nguvu kazi, na afisa mifugo akague kabla ng'ombe hajaingia.

Kuna waliotuuliza kwa nini fedha ya umma ijenge banda kwenye ua wa mtu binafsi wakati watoto wanahitaji madarasa. Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba ng'ombe huyu, mpaka ndama atakapotolewa, si mali ya mtu mmoja. Nyuma yake kuna kaya inayosubiri, na nyuma ya hiyo nyingine. Ndiyo maana tunataka ruzuku iishie kwa ng'ombe ambao bado hawajalipwa. Mwenye ng'ombe wake aliyemaliza deni ajitegemee. Tena Serikali imekwishaweka mkono wake kwenye mali za watu binafsi na hatukulalamika: mbolea ya ruzuku tangu msimu wa 2022/23, na chanjo ya mifugo iliyozinduliwa na Rais pale Bariadi Juni 2025, ambayo mfugaji anachangia nusu tu. Sasa ng'ombe achanjwe kwa ruzuku, kisha afe kwa kuteleza?

Wazee wetu nao wanasema ng'ombe wa Mara wamelala zizini bila paa tangu enzi na hawakufa. Kweli, wazee. Lakini yule ni wa kienyeji, anatembea mchana kutwa na akilala anajichagulia pakavu. Chotara wa maziwa amefungiwa sehemu moja mwaka mzima. Akilala kwenye tope na kinyesi, kiwele kinavimba, kwato zinaoza, na maziwa yanamwagwa. Sakafu ya zege yenye mteremko kidogo, iliyokwaruzwa isiteleze, inaondoa sehemu kubwa ya hayo. Paa la mita 4 kwa 5 likiwa na gata, mvua ya milimita 30 inakusanya karibu lita 600. Akina mama wanaobeba ndoo kutoka bondeni wanajua hizo ni safari ngapi.

Tumeambiwa pia ipo mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ipo, na tunaiunga mkono. Ila mkopo unahitaji marejesho, na mtamba mwenye mimba changa hatoi maziwa hata tone kwa miezi. Mjane atarejesha kwa kuuza nini?

Wenzetu Rwanda walianza mpango wao wa Girinka mwaka 2006, na huko ni Serikali yenyewe inayogawa ng'ombe. Hapa kwetu ng'ombe amekwishatolewa na wengine. Tunachoomba ni sakafu na paa.

Bajeti mpya inaanza Julai 1, lakini hoja inaingia mapema, kwenye mkutano mkuu wa kijiji au mtaa. Viongozi wa mashina, hakikisheni inasemwa, inaandikwa kwenye muhtasari na inafika Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kabla ya mkutano, kila shina lipite kwenye mabanda ya ng'ombe wa msaada katika eneo lake na kuandika hali ya sakafu, paa na maji, na kaya inayofuata kupokea ndama. Orodha zimfikie katibu wa tawi kabla ya Jumapili ijayo. Jumamosi saa 3 asubuhi tunakwenda kwa yule jirani kumwaga zege la banda lake. Mwenye koleo aje nalo.

Imetolewa na Kamati ya Tawi.