Programu ikisambazwa kwa seva zote kwa mpigo, nani atazima moto?

AGOSTI 1, 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza zaidi ya dola 460 milioni kwa dakika 45 tu. Haikuibiwa. Fundi alikuwa akiweka programu mpya kwenye seva nane, na moja hakuifikia. Hakuna mwenzake aliyekagua kazi hiyo.

Seva ile ya nane ilibaki na programu ya zamani, na soko la hisa lilipofunguliwa ikaanza kununua na kuuza ovyo. Mfumo ulikuwa umetuma barua pepe 97 za onyo asubuhi hiyo, lakini wapi! Kisha wataalamu, katika kuhangaika, wakaondoa programu mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa sawa. Nazo pia zikaharibika.

Kazi ya kunakili kwa mkono ndiyo hiyo. Ndiyo maana kijana anayetafuta ajira ya IT leo anafaa kujua zana kama Ansible. Unaandika orodha ya seva zako na hatua za kufuatwa, nayo inaingia kila seva kupitia SSH na kufanya kazi ile ile. Seva isipofikika, unaambiwa papo hapo.

Sasa wengine wakishajua hivyo wanadhani wamemaliza. Wapi! Julai 19, 2024, mwendo wa saa moja asubuhi hapa Kenya, kampuni ya CrowdStrike ilisambaza faili moja yenye kasoro. Iliiondoa baada ya dakika 78, lakini kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta 8.5 milioni za Windows zilikuwa zimeathirika. Shirika la ndege la Delta lilifuta takriban safari 7,000. Hapa hakuna seva iliyosahaulika. Faili iliwafikia wateja wengi kwa mpigo. Kutuma kulifanywa na mashine, lakini kompyuta nyingi zilibidi zirekebishwe na watu, moja baada ya nyingine. Baadaye kampuni hiyo ikaahidi kusambaza kwa awamu.

Ansible yenyewe ina mpangilio uitwao serial: anza na seva moja, ikikaa sawa nenda kwa tano, kisha zilizobaki. Zikifeli nyingi kuliko kiwango ulichoweka, kazi inasimama. Na toleo la awali usilifute, bana.

Kwetu, huduma zaidi ya 20,000 za serikali ziko kwenye eCitizen. Sasisho bovu likiingia huko, anayetafuta pasipoti na anayelipia leseni watakwama pamoja. Kwa hivyo kabla ya kukubali kusukuma programu Ijumaa jioni kwa sababu mdosi ana haraka, muulize mapema ni nani ana ruhusa ya kusimamisha kazi mambo yakienda mrama, na jibu lake uwe nalo kwa maandishi.