Kifurushi Hakina Kosa

Mkazi wa Nkoma, wilayani Itilima, mwenye kompyuta mbili nyumbani, akiona picha za arusi ya bintiye zinahama kwa kusuasua kutoka moja kwenda nyingine, aghalabu hukimbilia kununua kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti. Fedha za pamba hupotea bure. Faili litokalo chumbani kwenda sebuleni halitoki nje ya nyumba; hupitia ruta iliyo humo humo ndani.

Basi ichunguze njia ya ndani. Kwanza, kompyuta zote mbili zikitumia mawimbi ya ruta, kila faili husafiri hewani mara mbili: kuifikia ruta, kisha kuiacha. Unganisha japo kompyuta moja kwa waya.

Pili, utazame waya wenyewe. Ndani mna nyuzi 8 za shaba, na mwendo wa megabiti 1,000 kwa sekunde huzihitaji zote. Uzi mmoja ukikatika, mwendo huweza kushuka hadi 100. Hapo gigabaiti 10, ambazo zingehama kwa dakika moja na nusu hivi, huchukua karibu robo saa.

Tatu, maelfu ya picha ndogo ndogo huchelewa kuliko faili moja kubwa la uzito uleule. Zifungashe pamoja kwanza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tusiharakie kujenga ukuta pale palipo na ufa tu.